Bado Inapoa

AC ya gari iliyokufa kabisa haina maneno. Unafungua boneti, unamkuta marehemu, unamtoa, unaweka mwingine, mwenye gari anakwenda zake. Iliyo nzima nayo haina maneno, maana hailetwi kwangu. Inayonipandisha presha ni ile ya katikati. Inafanya kazi ikitaka, inagoma ikitaka, na ukiifikisha kwa fundi inakuwa na adabu kama mtoto aliyeona wageni. Ningekuwa na madaraka, hiyo ningeifungulia kesi.

Mimi ni fundi wa AC za magari. Wananiita Friji, ingawa wanaonijua wanasema jina lilikosewa, kwa sababu hasira zangu hazijawahi kuwa baridi. Gereji yangu ni banda la mabati, na ukuta mmoja nimechangia na seremala tunayemwita Misumari, mtu anayependa umbea kuliko mbao. Ukuta huo una matundu. Kwa hiyo mkisikia kwamba habari hii ilienea mtaa mzima kabla mimi mwenyewe sijaielewa, msiulize nani aliitoa.

Habari yenyewe ilianza na kidole. Feni ya gari ilinikata, nikakimbilia zahanati, nesi akanishona huku akinisema kwa nini nashika feni inayozunguka, nina akili au nimeziacha nyumbani. Mtu anayekushona na kukusema kwa wakati mmoja, usimwache aende. Sikumwacha. Naye, sijui aliona nini, akanipenda. Ila akanipa sharti moja: bila baraka za mama yake haolewi na mtu yeyote, hata mtu huyo awe na gereji ya ghorofa. Mama huyo alimlea peke yake, na nesi wangu hakuwa tayari kumpita mlangoni bila kusema hodi.

Sasa mama mwenyewe. Ni mwalimu wa kwaya, na kila mtu anamwita Mwalimu, mpaka muuza mkaa. Mfupi, mnene, mgongo umenyooka. Kwaya yake ina watu wazima wenye vyeo huko makazini kwao, lakini mbele ya kijiti chake wanasimama kama wanafunzi waliochelewa.

Siku ya kwanza kwenda kuonyeshwa kwake, nilipelekwa mazoezini. Nikakaa benchi la nyuma, shati limepigwa pasi, kucha nimezisugua kwa sabuni ya unga mpaka zinauma. Wakaimba. Kwa masikio yangu waliimba vizuri mno. Katikati ya wimbo Mwalimu akagonga meza kwa kijiti, wote kimya, akawageukia wanaume wa sauti nzito akawaambia, "Besi, mmepoa."

Mimi nikapiga makofi. Kwetu gereji mtu akikwambia uko poa amekusifu, nikaona mama wa watu anawatia moyo vijana wake, nami nisaidie. Nilipiga makofi peke yangu. Kwaya nzima ikageuka kunitazama, nesi akainamisha kichwa kama anatafuta sindano sakafuni, na Mwalimu akaniangalia kwa muda mrefu kuliko inavyopendeza. Nilidhani ni shati.

Tangu siku hiyo hakuniita jina lolote. Aliniita fundi, basi.

Nilipofikisha ombi langu hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema gari lake lina AC yenye kichaa. Mwaka jana alikwenda nalo kwenye mashindano ya kwaya mji wa jirani, joto likamkuta njiani, presha ikapanda, akafika ameloa chapachapa na mikono inatetemeka. Aliongoza akiwa amekaa kwenye kiti, na kwaya yake ikaimba kama inazika. Mwaka huu mashindano yalikuwa Jumamosi.

"Nitengenezee gari, nifike Jumamosi mkavu," akaniambia. "Anayemaliza kazi aliyoianza ndiye nitakayempa mwanangu. Maneno ninayo ya kutosha kwenye nyimbo."

Nilitoka pale nimevimba kichwa. Wenzangu wanaombwa vitu vigumu, wengine wanaulizwa ukoo wao mpaka babu wa babu. Mimi naulizwa AC. Nilimwambia Misumari aanze kunitengenezea kitanda kipana, akaniuliza nimeshapimwa godoro au bado naota.

Jumatatu asubuhi Mwalimu akalileta gari. Dogo, la bluu, safi ndani kiasi kwamba niliona aibu kukalia kiti chake. Kwa AC ya kichaa namna ile kazi ya kwanza ni maswali: inakata saa ngapi, wapi, gari likiwa linafanya nini. Ukipata jibu zuri umeshamaliza nusu ya kazi kabla ya kushika spana. Najua hilo, na nimewahi kulihubiri mbele za watu. Nikamuuliza, ikoje?

"Ikifika kwenye foleni inapoa," akasema. "Halafu..."

Nikainua mkono. Jamani, nilimwinulia mama mkwe mtarajiwa kiganja usoni, kama trafiki. Nikamwambia hapo hapo panatosha, fundi wa kweli haelezwi sana. Nilitaka aone kwamba binti yake amepata bingwa. Alifunga mdomo, akaniachia ufunguo, akaondoka na mkoba wake. Upande wa pili randa ya Misumari ilikuwa imenyamaza.

Sasa nifuateni taratibu. Mimi nilichosikia ni kwamba kwenye foleni AC inapoza, yaani inaleta baridi. Kama kwenye foleni ni baridi na mama bado analalamika, basi joto linakuja kwenye mwendo. Na AC inayopoza gari likisimama na kuacha likikimbia ina magonjwa yake yanayojulikana. Huenda mkanda unateleza injini ikizunguka kwa kasi. Au huko ndani ya dashibodi, penye mabomba ya baridi, barafu inaganda mpaka upepo unakosa pa kupita. Nikaijenga kesi nzima juu ya neno moja, na neno lenyewe sikulichunguza.

Nilibadilisha mkanda. Nikang'oa dashibodi yote, kazi ambayo simtakii hata adui, nikasafisha mabomba, nikaweka kifaa kipya cha kupima baridi, nikarudisha kila kitu. Ikabaki skrubu moja. Misumari alichungulia kwenye tundu lake akaniuliza hiyo ya nani. Nikamwambia magari ya siku hizi yanakuja na skrubu za akiba. Akasema hata yeye hutengeneza viti vya namna hiyo, ila huwa hakalii.

Nikatoka na gari kwenda kulijaribu barabara kuu. Nikalikimbiza. Baridi ilikuwa ya kugonganisha meno, nikafungua dirisha ili nisiugue. Hata nilipoliacha uani likinguruma asubuhi, lilitulia na kutoa baridi kama malaika. Nikasema kazi imekwisha. Jumatano Mwalimu akaja kulichukua, nikampa ufunguo kwa mikono miwili, nikainama kidogo.

Alhamisi mchana simu ikaita. Kuona ni Mwalimu, nikaweka spika kubwa na kuisogeza kwenye tundu ukutani, ili Misumari asikie kwa masikio yake namna mafundi wanavyosifiwa.

"Fundi," Mwalimu akasema, nyuma yake honi zinalia, "AC bado inapoa."

Nikamwambia nashukuru sana kusikia hivyo.

Akasema pengine sijamsikia, yuko kwenye foleni ya sokoni na AC inapoa, tena leo kuliko jana. Na kidroo cha mbele ya abiria kinagonga, kinagonga nje ya mapigo, kinamchanganya kichwa.

"Kidroo ni kitu kidogo, Mwalimu," nikamjibu, na sauti yangu ilijaa asali. "Hiyo AC nimeifanyia kazi kwa moyo wote. Itapoa mpaka uchoke mwenyewe."

Simu ikakatika. Nikamwambia Misumari mama wa watu amezidiwa na furaha, maneno yamemwishia. Misumari akasema alivyosikia yeye haikuwa furaha, nikamwambia yeye abaki na mbao zake. Nikaagiza soda. Nilikuwa naimba, kama mnataka kujua ukubwa wa ujinga wangu.

Soda haikufika nusu. Nesi aliingia gerejini na sare yake ya kazi, bado ana glovu mkono mmoja. Nilimfungulia mikono, akanipita. Hakupaza sauti, na mwanamke yule asipopaza sauti ujue mambo yameharibika. Akanieleza kwamba mama yake alikwama sokoni ndani ya gari, joto likamzidi, akaliegesha mbele ya duka la dawa na kukalishwa kwenye stuli akipepewa kwa boksi la vidonge. Kutoka foleni ile ile alikuwa amempigia simu fundi wake kumwomba msaada, na fundi akamcheka. Fundi akamwombea achemke mpaka achoke.

Nikaruka. Nikamwambia mama yake mwenyewe ndiye aliyesema inapoa, na Misumari shahidi. Misumari akaitika kutoka ukutani kwamba ni kweli, ilisemwa.

"Ndiyo, inapoa," nesi akasema. "Inakufa nguvu. Kwa mama kitu kikipoa kimekufa nusu. Biashara ikipoa, sherehe ikipoa, kwaya ikipoa. Wewe ulidhani anakupongeza?"

Nikasimama na chupa yangu ya soda. Nikaliona benchi lile la nyuma. Nikawaona wanaume wa besi, watu wazima na tai zao, wanaambiwa wamelala kwenye wimbo, na mpumbavu mmoja nyuma mwenye shati la pasi anawapigia makofi. Misumari naye alikuwa ameshaifikia, maana hadithi ya makofi nilimsimulia mimi mwenyewe. Nilisikia kitu kizito kinaanguka kwenye mbao, na kicheko ambacho mpaka leo hajakimaliza.

Nesi hakucheka. Akasema mama yake amekwisha amua: Jumamosi atasafiri na gari la mtu mwingine, na jibu langu nisilisubiri tena. "Nakupenda," akaniambia, "na leo najuta kukupenda." Kisha akavua ile glovu, akaikunja vizuri, akaondoka kurudi kazini.

Niliogopa. Nasema wazi, mimi mwenye mdomo huu. Gari likiharibika ninajua pa kuanzia, lakini hili sikulijua kabisa. Nikakaa juu ya tairi.

Nilipopata akili nikaanza upya, neno likiwa limegeuzwa. AC inalegea kwenye foleni. Kwa maana hiyo kwenye mwendo inapona. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza angekwambia: feni. Mbele ya gari kuna rejeta ya AC inayotoa joto nje. Gari likikimbia, upepo unaipuliza wenyewe. Likisimama, feni ndiyo ipulize. Feni ikigoma, joto linajaa, kompresa, yaani pampu ya AC, inajizima kabla haijapasuka, na abiria anaanza kuiva. Ndiyo maana barabara kuu niligonganisha meno. Nilikwenda kuijaribu mahali pekee ambapo haijawahi kuwa na kosa, nikajipongeza. Ila uani feni ilikuwa imezunguka, nilikumbuka mlio wake. Kwa hiyo haikuwa imekufa. Ilikuwa na kichaa, na kichaa lazima umfume.

Nikaenda nyumbani kwa Mwalimu jioni ile ile, na nguo za kazi, sikubadilisha kitu. Alinifungulia mlango nusu. Nilikuwa nimeandaa hotuba njiani, yenye samahani za kila namna, nikaiacha.

"Mwalimu," nikasema, "Jumatatu nilikukata ukiwa unaeleza. Naomba umalizie."

Alinitazama juu mpaka chini. Nadhani aliona mafuta kwenye suruali na vumbi kwenye nyusi, sijui. Mwishowe akasema, "Ikifika kwenye foleni inapoa, halafu nikipata barabara wazi inachangamka. Ndiyo maneno niliyokuwa nayo. Yangekuumiza nini?"

Nikasema yasingeniumiza kitu. Nikamwomba anipeleke sokoni, kwenye foleni yake, nikaone kwa macho. Akachukua ufunguo na mkoba. Akaniambia nikae nyuma na nisiongee.

Nikakaa nyuma, nikafyata. Foleni ya sokoni saa za watu kurudi nyumbani haiendi mbele wala nyuma, unaweza kufuga ndevu. Mwalimu alikuwa anahesabu mapigo ya wimbo kwa vidole kwenye usukani, na kidroo changu kinagonga pembeni kikimvuruga, na kila kikigonga ananiangalia kwenye kioo. Baridi ilikuwepo. Ikaendelea kuwepo. Nilianza kuomba gari liharibike, kitu ambacho fundi mwenye akili timamu haombi. Kisha upepo ukabadilika harufu, ukawa wa uvuguvugu, kisha wa moto.

Mwalimu hakugeuka. Aliinua kidole kimoja, kama anavyowafanyia waimbaji wake. "Sikia," akasema. "Inapoa."

Nikashuka. Nikafungua boneti pale pale katikati ya barabara. Honi zikaanza, na dereva wa lori nyuma yetu akanitukania ukoo wangu kuanzia juu kushuka chini. Siku nyingine ningemfuata mpaka kwenye kiti chake. Siku hiyo sikuwa na nafasi naye, kwa sababu feni ya AC ilikuwa imesimama. Umeme unafika, yenyewe imetulia tuli. Nikachukua bisibisi nikaigonga mgongoni kwa mpini. Ikajikuna, ikashtuka, ikaanza kuzunguka. Nilifurahi nikataka kumbusu dereva wa lori.

Niliporudi ndani kulikuwa kumeshaanza kupata baridi. Nikamweleza Mwalimu, kwa maneno machache maana bado nilikuwa nimekatazwa kuongea, kwamba ndani ya mota ya feni kuna vipande vya kaboni vinavyopitisha umeme, vimelika mpaka mwisho. Vikigusa inazunguka, vikikosa inalala. Pigo la bisibisi limeiamsha tu, halijaiponya. Akasikiliza mpaka mwisho bila kunikata. Hilo nililihisi.

"Na kidroo?" akauliza.

Nikamwambia na kidroo.

Ijumaa nilifunga feni mpya. Kisha nikaenda kwenye kopo langu nikaitoa ile skrubu ya akiba, nikaipeleka kwenye kidroo, ikaingia kama iliyokuwa imetumwa. Kidroo kikanyamaza. Misumari akapiga kelele kupitia tundu lake kwamba viti vyake navyo huenda vina matumaini. Jioni Mwalimu akaja, akazunguka gari mara moja. Aliwasha, akasikiliza, akazima. Akaniambia kesho niwe tayari asubuhi, tunakwenda wote, maana likimwangusha njiani anataka awe na mtu wa kumtazama vibaya.

Jumamosi nesi alikaa mbele na mama yake, mimi nyuma na sare za kwaya zimening'inizwa usoni mwangu. Nesi alinisalimia kama mtu anayemsalimia mgonjwa ambaye majibu yake hayajatoka. Mwalimu angeweza kupita njia ya nje ya mji. Hakupita. Alitupeleka moja kwa moja sokoni, akajichomeka nyuma ya basi linalotoa moshi, na tukakaa. Nilikuwa natoa jasho peke yangu ndani ya gari lenye baridi. Nilisikiliza feni kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto wake. Ikazunguka. Ikapumzika. Ikazunguka tena. Kidroo hakikusema neno. Kabla foleni haijafunguka, Mwalimu akaanza kuimba chini chini, kisha nesi akaitika, na mimi nikajua nafasi yangu nikanyamaza.

Ukumbi wa mashindano ulikuwa umejaa, watu wanajipepea nje kwa karatasi na kofia. Mwalimu akaegesha juani, hapakuwa na kivuli, akasema hashuki mpaka kwaya yake iitwe. Atasubiri humo humo, injini inanguruma. Mimi nikashuka nikainamia mbele ya gari, feni inavuma, nikarudi nikafungua mlango wa nyuma kumwambia kwamba yote ni salama.

Hakuniacha niseme. Alikuwa ananitazama kwenye kioo, uso mkavu, hana tone.

"Fundi," akasema, "moyo wangu umepoa."

Siku ile ya benchi ningepiga makofi. Alhamisi mchana ningeshukuru. Niliangalia shingo ya nesi, haikugeuka, haikunisaidia. Nilibaki nimesimama na mlango mkononi, jua kichwani, baridi miguuni, na kwa mara ya kwanza tangu nijulikane duniani nikauliza kabla ya kujibu.

"Mwalimu, samahani. Umepoa kama chai iliyosahaulika mezani, au umepoa kama kidonda?"

Mabega ya nesi yakaanza kutikisika. Mwalimu akachukua kijiti chake kwenye mkoba, akakifuta vumbi kwa leso, polepole, ncha mpaka ncha, na mimi bado nimeshika mlango.

"Funga huo mlango, mkwe," akasema. "Unanitolea baridi yangu nje."